Ute wa Miwa na Chekeche la Ajabu

Leo tunazungumza hasa na wakulima wa miwa, lakini na wengine msiondoke.

Tuseme mkulima amekata miwa Jumatatu. Trekta halikuja. Alhamisi miwa bado imelala kando ya barabara, juani. Ukiitazama utasema ni ile ile. Kumbe bakteria wamekwisha ingia pale panga lilipopita. Wanakula sukari, wanaacha uchachu na ute mzito uitwao dekstrani. Ute huo ukifika kiwandani, maji ya miwa huwa mazito, huchujika kwa shida, na sukari huchelewa kuganda.

Je, wataalamu wanautenganishaje ute huo na sukari? Vitu vyote viwili vimeyeyuka katika maji, havionekani kwa macho. Lakini havilingani kwa ukubwa. Molekuli ya sukari ni chembe ndogo mno. Molekuli ya dekstrani ni mnyororo mrefu wa chembe nyingi za sukari zilizoshikana kama shanga. Basi hutumia njia iitwayo kromatografia ya jeli.

Bomba la kioo husimamishwa na kujazwa punje laini zilizolowa maji. Kila punje ina vitundu vidogo sana. Mchanganyiko humiminwa juu, na maji hufuata polepole. Nini kitatoka chini kwanza? Mtasema ni kile kidogo, kama unga kwenye chekeche. La, hasha! Kikubwa ndicho hutangulia.

Fikirini ng'ombe na vifaranga wakipita kijijini. Ng'ombe haingii mlangoni. Hufuata njia tu, akafika mapema. Kifaranga huingia kila nyumba, akachelewa. Ndivyo ilivyo: dekstrani hupita katikati ya punje, sukari huzunguka vitunduni.

Na ajabu ni hii. Mwaka 1959, huko Uppsala nchini Uswidi, Jerker Porath na Per Flodin walitangaza njia hiyo wakitumia punje za dekstrani yenyewe, iliyofungwa kwa kemikali kama wavu ili isiyeyuke. Ute unaotutia hasara ukawa chombo cha maabara, na punje za namna hiyo hutumika mpaka leo kutenganisha protini na chumvi.

Lakini shambani, ndugu zangu, ute ni hasara tupu. Ukilipwa kwa uzito, miwa inakauka. Ukilipwa kwa sukari, sukari inaliwa. Kwa hiyo, usikate kabla ya kuhakikisha usafiri. Usichome shamba ambalo hutalivuna mara moja, maana miwa iliyochomwa huharibika upesi zaidi. Usiikatekate vipande vifupi, kwani kila jeraha ni mlango wa bakteria. Jitahidi ifike kiwandani siku ile ile au kesho yake.

Panga lisitangulie trekta. Kwaherini, mpaka juma lijalo.