Chanjo ya Norovirusi: Kwa Nini Yachelewa?

Mama ampelekaye mwanawe kliniki kupewa matone ya rota hurudi nyumbani na matumaini kwamba maradhi ya kuharisha hayatamfika tena. Matumaini hayo ni ya haki, lakini yana mpaka. Matone hayo, ambayo Kenya ilianza kuyatoa mwaka 2014, hukinga rotavirusi peke yake. Kuna kirusi kingine, norovirusi, kiletacho kutapika na kuharisha kwa ghafla, nacho hakijapatiwa chanjo iliyoidhinishwa.

Kirusi hiki si kigeni kwa wataalamu. Mwaka 1968 kiliwaugua wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi mjini Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake wakakiona kwa hadubini ya elektroni. Inakisiwa kuwa kila mwaka huua watu wapatao 200,000 duniani, na kati yao 50,000 ni watoto, wengi wakiwa wa nchi zisizo tajiri.

Kwa nini basi miaka zaidi ya 50 imepita bila kinga? Kwanza, kirusi hiki kilikataa kuoteshwa maabarani hadi mwaka 2016, Mary Estes na wenzake wa Houston walipofaulu kwa kutumia seli za utumbo wa binadamu. Pili, kina aina nyingi, nazo hubadilika, na aliyeugua jana aweza kuugua tena. Mwaka 2024 ilibainika kuwa chanjo ya kampuni ya HilleVax, iliyojaribiwa kwa watoto wachanga, haikuwakinga ipasavyo. Mwaka huohuo Moderna ilianza jaribio kubwa la chanjo yake kwa watu wazima, na kampuni ya Vaxart nayo imejaribu chanjo ya kidonge. Juhudi hazijakoma.

Panapo majaliwa chanjo itapatikana. Hadi hapo, kinga imo mikononi mwetu. Chembe chache mno za kirusi zatosha kumwambukiza mtu, na sanitaiza haiziui vyema. Tunawe kwa sabuni na maji yatiririkayo baada ya msala, baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kupika. Palipotapikwa pasafishwe kwa dawa ya klorini. Aliyeugua asiingie jikoni hadi zipite siku mbili tangu apone, hata kama ni arusi ya jamaa na mikono ya kusaidia ni haba.

Mtoto akiugua, tumpe maji ya ORS kidogo kidogo, na anyonyaye asikatizwe ziwa. Wahudumu wa afya humwongezea zinki. Tukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, au hakojoi, tusingoje kupambazuke: tumkimbize hospitali. Ukavu wa mwili ndio uuao, nao hauna subira.