Kichina Kisicho na Mama

Mwaka ni 2517. Chombo cha anga kimetua sokoni, na mbele ya mlango wake, kwenye kiti cha kukunja, ameketi fundi mitambo, binti mchangamfu aitwaye Kaylee. Ameegemeza begani mwavuli wa karatasi wa rangi nyingi, kama mtu anayepunga upepo Forodhani, anasubiri abiria. Hiyo ni tamthilia ya Firefly, iliyoanza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani Septemba 2002 na kufutwa kabla mwaka haujaisha. Sehemu yenye mwavuli ndiyo iliyotengenezwa kwanza. Fox wakaionyesha mwishoni, wakati wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Wazo lake ni zuri, na niseme mapema kwamba naipenda. Marekani na China ndiyo mataifa makubwa mawili yaliyobaki. Yakaungana, watu wao wakaihama dunia iliyochoka, na vizazi vilivyofuata vikarithi lugha zote mbili. Kwa hiyo watu wa Firefly huongea Kiingereza cha wachunga ng'ombe, na wakikasirika huhamia Kichina. Injini ikizima, Kichina. Risasi ikipita karibu na sikio, Kichina. Hakuna tafsiri ya maandishi chini ya picha, na watunzi wakapata njia ya kutukana waziwazi bila wakaguzi wa televisheni kushtuka.

Sasa hesabu viti. Wahusika wakuu ni tisa: nahodha, rubani, mchungaji, daktari na wenzao. Kati ya hao tisa hakuna hata mmoja aliyeigizwa na mtu mwenye asili ya China, wala ya nchi nyingine ya Asia Mashariki. Ndugu wawili ambao kisa kinawazunguka wanaitwa Simon na River Tam, na Tam ni jina la ukoo ambalo ukiliita barabarani Hong Kong watageuka wengi. Walioigiza ni Sean Maher na Summer Glau, Wamarekani weupe. Wachina wapo, lakini wanapita nyuma ya picha wakibeba vikapu. Na Kichina chenyewe mara nyingi kilitamkwa hovyo kiasi kwamba wazawa wa lugha hiyo walikuna vichwa.

Ugomvi wangu hauhusu kuazima. Anayeandika kwa Kiswahili hana uso wa kumkemea mtu kwa kuazima. Ukiweka chai mezani umeshakopa China na Ureno kwa mkupuo mmoja. Lakini Mhindi aliyetuachia neno "duka" yupo palepale dukani, anabishana nawe kuhusu chenji. Katika Firefly neno limesafiri miaka mia tano, mwenye neno ameachwa kituoni. Mtoto hafundishwi matusi na kamusi. Huyasikia kwa mjomba aliyejigonga kidole, kwa mama aliyeunguza ubwabwa. Kaylee aliyasikia kwa nani? Kichina chake hakina mama.

Miaka 36 kabla ya Firefly mambo yalikuwa tofauti kidogo. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa na NBC mwaka 1966, aliyekaa kwenye usukani ni Luteni Sulu, aliyeigizwa na George Takei. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia hiyo, alilitoa jina hilo kwenye ramani: Bahari ya Sulu, huko Ufilipino. Jina la kawaida la ukoo lingemfunga mhusika kwenye nchi moja, naye alitaka Asia yote; maji ya bahari, alisema, hugusa pwani zote. Mtu wa pwani hawezi kuichukia hoja hiyo, ingawa ndani yake kuna uvivu: bara zima kwenye kiti kimoja. Takei mwenyewe hakuhitaji kuambiwa uso wake una maana gani Marekani. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1937, na alipokuwa na umri wa miaka mitano serikali ya nchi yake ilimpeleka na familia yake katika kambi ya Arkansas nyuma ya seng'enge, pamoja na watu zaidi ya laki moja wenye asili ya Japani waliofungiwa katika kambi za namna hiyo.

Katika sehemu iitwayo The Naked Time, watu wa chombo wanapatwa na ugonjwa wa kuwatoa akili, na Sulu anatakiwa kukimbia ujiani akiwa na upanga mkononi. Mtunzi, John D. F. Black, alifikiria kumpa upanga wa samurai. Takei, kama anavyosimulia mwenyewe, akamwomba ule mwembamba wa Kizungu, kwa kuwa alipokuwa mdogo shujaa wake alikuwa Errol Flynn katika Robin Hood. Akaulizwa kama anajua kuutumia. Akasema anajua. Hakujua hata kuushika, akakimbilia kutafuta mwalimu. Mtazame leo na upanga ule, kifua wazi, jasho likimtiririka, macho yakimwaka: ni mtu anayecheza mchezo aliouota utotoni. Angepewa wa samurai tungeona Mjapani, basi.

Tamthilia hiyohiyo, mwaka 1967, ilimleta Khan Noonien Singh, anayekisiwa na afisa mmoja kuwa Singasinga wa kaskazini mwa India. Akaigizwa na Ricardo Montalbán, Mmeksiko. Filamu ya 2013 ilipomrudisha Khan, akawa Benedict Cumberbatch, Mwingereza mweupe kama chaki. BBC nao, katika Doctor Who ya 1977, walimpaka rangi mwigizaji Mwingereza, John Bennett, wakamgeuza mwanamazingaombwe wa Kichina. Na katika Star Trek: Voyager, Harry Kim, aliyeigizwa na Garrett Wang, aliingia chomboni mwaka 1995 akiwa na cheo cha chini kabisa cha uofisa. Safari ikaisha mwaka 2001 akiwa nacho. Mwenzake, Tom Paris, aliweza kushushwa cheo kwa utovu wa nidhamu na kurudishiwa, Kim akiwa vilevile. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukibanana kwenye mabenchi kumtazama Bruce Lee akiwapiga watu kumi peke yake, tulikuwa hatujui kwamba kwao Marekani sura ile haipandi cheo.

Kiswahili nacho kimo katika Star Trek ya kwanza. Jina la Luteni Uhura limetokana na "uhuru". Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark chenye jina hilo, Roddenberry akalipenda, irabu ya mwisho ikabadilishwa ili jina lisikike la kike. Kiswahili hakina habari na irabu za kike, lakini tusiwe wachoyo. Katika sehemu ya The Changeling, ya 1967, mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote. Muuguzi anamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, mbwa na mpira, na anapokwama maneno yanamtoka kwa Kiswahili. Anaambiwa arudi kwenye Kiingereza. Matamshi ni ya Illinois, alikozaliwa Nichols. Hata hivyo kila ninapoitazama huwa nanyamaza kidogo: vyote vimefutwa kichwani mwa mwanamke huyu, kilichobaki chini kabisa ni Kiswahili. Kuna mtu aliwahi kumbembeleza kwa lugha hiyo.

Mwaka 1991, katika Star Trek: The Next Generation, Rosalind Chao, Mmarekani mwenye asili ya China, aliigiza Keiko, mwanamke wa Kijapani aliyeolewa na fundi wa chombo. Katika sehemu moja anamwandalia mumewe kifungua kinywa cha mwani na vitu vingine vya baharini. Mume anamwambia yeye si samaki. Tukacheka. Kazi ya Keiko katika kisa hicho ilikuwa hiyo, kuwa mgeni mezani.

Machi 2024 Chao alirudi angani, safari hii kupitia Netflix, katika 3 Body Problem. Kitabu ni cha Liu Cixin, Mchina, na wanasayansi wengi wa kitabu ambao ni Wachina walihamishiwa Oxford na kupewa sura za mataifa mbalimbali. Wasomaji wengi wa China walikasirika, na waliokuwa na toleo lao la Tencent la mwaka 2023, sehemu 30 kwa Kichina, walikuwa na cha kulinganisha. Lakini toleo la Wamarekani ndilo lililothubutu kufungua kwa tukio ambalo la Tencent halikufungua nalo: Beijing, Mapinduzi ya Kitamaduni, profesa wa fizikia anapigwa jukwaani mbele ya umati hadi anakufa, binti yake akitazama. Yote kwa Kichina, na Kichina hiki kina mama kweli. Mama mwenyewe amepanda jukwaani kumshutumu mumewe.

Binti huyo ni Ye Wenjie, ambaye Chao anamwigiza uzeeni. Miaka kadhaa baada ya kifo cha baba, akiwa kwenye kituo cha mawasiliano mlimani, anapokea ujumbe kutoka sayari nyingine ukimwonya asijibu. Anakaa peke yake na mitambo, anausoma tena. Anajibu.