Tutamvika Nini Otenyo?

Msimu wa tamasha za drama unapowadia, magunia hupata soko shuleni. Mwalimu hukata gunia la mahindi, akalichana pindo, akalipaka matope, na papo hapo mhusika wake huhesabiwa kuwa amevaa vazi la mababu. Watazamaji hupiga makofi. Mwanafunzi naye huteremka jukwaani akiamini kwamba babu wa babu yake alivaa gunia. La hasha! Abagusii, kama majirani zao wengi, walivaa ngozi kabla ya vitambaa vya madukani kuenea.

Hebu tumfikirie mwalimu wa Suneka anayeandaa mchezo kuhusu mwaka 1908, pale Otenyo, akihimizwa na Moraa, nabii wa kike, alipomchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. (Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong.) Mavazi ya Mwingereza hayamsumbui mwalimu huyu, kwani picha zake ni tele. Taabu ni Otenyo.

Ajabu ni kwamba mwalimu huyo huyo angeandaa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, asingepata shida hiyo. Akitaka vazi la enzi ya Shakespeare, kiolezo cha kukatia kipo. Mwaka 1985 Janet Arnold wa Uingereza alichapisha kitabu cha michoro ya mavazi ya kati ya mwaka 1560 na 1620. Bibi huyo hakuibuni michoro hiyo kichwani, wala hakuikuta kabatini. Aliyaendea mavazi halisi yaliyosalia, akayapima mshono kwa mshono, kisha akayachora katika karatasi ya miraba kwa kipimo cha moja kwa nane. Anayetaka kushona huikuza michoro mara nane, basi.

Kwa nini sisi tusipime?

Fundi wetu wa kale hakuacha karatasi. Kiolezo chake kilikuwa ngozi yenyewe. Ngozi ya mbuzi haizidi sana nusu mita ya mraba, kwa hiyo vazi la mtu mzima huenda likahitaji zaidi ya moja, na swali la kwanza ni mshono ulipita wapi. Aidha, ngozi si kitambaa. Penye uti wa mgongo ni nene na imara. Penye tumbo ni nyembamba na hunyumbuka, hivyo anayekata bila kujali tofauti hiyo atapata vazi linaloning'inia upande mmoja. Tena tundu la sindano katika ngozi halizibi. Hapa ndipo gunia lina kazi ya halali: likatwe kwanza liwe jaribio, ngozi ifuate.

Pa kupima papo. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanahifadhi vitu vya jamii zetu, na mradi wa International Inventories Programme, ambao makumbusho hayo yalishiriki, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Anayeandika barua asiombe picha tu, maana picha huonyesha mbele na kuficha mgongo. Aulize urefu, upana, matundu ya mishono na mahali vazi lilipofungwa. Karibu na nyumbani yupo mtengenezaji wa obokano, anayewamba ngozi juu ya chombo chake. Huyo anajua jinsi ngozi inavyoloweshwa, inavyovutwa na inavyokauka, na sijui kwa nini hatumwiti darasani.

Jambo moja la tahadhari. Ngozi za chui na mbega, hata zikiwa za urithi, zinahitaji kibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Mbuzi anatosha.

Kazi yenyewe ni ya wanafunzi. Hesabu za vipimo, historia na ufundi zitakutana juu ya karatasi moja ya miraba. Mchoro ukikamilika uwekwe katika maktaba ya shule, ukiandikwa ni kitu gani kilipimwa, kiko wapi, na tarehe ya kupimwa, ili mwalimu wa Nyamira au Tabaka atakayeuomba mwakani apewe nakala.