Kazi za Mara zina majira yake

Kijana anayetafuta kazi Musoma huanza na bahasha ya kaki. Ndani mna barua ya maombi, nakala za vyeti na wasifu uliochapwa stesheneri. Anaitembeza Mtaa wa Mukendo, duka hadi duka, na kila mlango unamjibu kwa upole: "Acha namba, tutakupigia." Simu haiiti. Wiki zikipita anaamini kwamba asiye na ndugu ofisini hapati kitu. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Waajiri wengi wa mkoa huu wa Mara ni wafanyabiashara wadogo wasiotangaza nafasi popote. Humchukua waliyemwona kwa macho au aliyesemewa na mtu wanayemwamini. Kwa hiyo kujipeleka ndiyo njia yenyewe. Kinachowaangusha wengi ni kwenda wakati kazi haipo.

Tazama mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukishapevuka, mitumbwi hupumzika. Ukienda kuomba kibarua siku za mbalamwezi utakuta watu wanashona nyavu, na tajiri hataki hata kusikia habari za kumlipa mtu. Giza likirudi, tajiri huyohuyo anahangaika tangu alfajiri: mitumbwi imeingia, ndoo zinahesabiwa, dagaa wanatakiwa waanikwe jua likiwaka, na mmoja wa watu wake hajatokea. Aliyefika saa kumi na mbili asubuhi akiwa na nguo za kazi hana haja ya bahasha. "Shikamoo mama, naomba nikusaidie kuanika leo." Akiifanya kazi vizuri, kesho ataulizwa alipo.

Bunda inakwenda na pamba. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, na siku mzani unapowekwa, makarani na wapakiaji wamekwisha kupatikana. Wa kuonana naye ni katibu wa chama cha msingi, au msimamizi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na mwezi wa kumwona ni Aprili. Hoteli za upande wa lango la Ndabaka nazo hujiandaa kabla ya Juni, watalii wanapoanza kuongezeka Serengeti.

Kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, vyeti havina uzito mbele ya msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia. Anataka kujua wewe ni wa nani na nani atakujibia mali ikipotea. Barua ya mtendaji wa kijiji, na mwenyeji wa kukupeleka hadi karashani mawe yanakosagwa, vinafaa kuliko diploma.

Serikalini ni habari nyingine kabisa. Ajira za kudumu hupitia Sekretarieti ya Ajira, maombi yakitumwa kwa mtandao, hivyo kupanga foleni kwa mkurugenzi wa halmashauri ukiwa na vyeti mkononi ni kupoteza nauli. Anayekwambia "nitakupitishia" kwa fedha, mkimbie.

Ukikubaliwa, uliza hapohapo, kwa heshima lakini bila woga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi utakayofanya, saa zako na malipo yako, na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Haki ya maandishi hayo haimfikii anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, na ndiyo sababu kibarua wa mwaloni anapaswa kupatana malipo kabla hajainua ndoo ya kwanza.

Nanyi waajiri, lile "tutakupigia" liacheni. Kijana aliyepanda gari kutoka Butiama ameomba nauli kwa mama yake, na akirudi nyumbani atakaa na simu mkononi akiwasubiri. Mwambieni hapana. Kama nafasi itakuwepo Aprili, mtajieni Aprili, na mtu wa kumwuliza akifika.