Rula na Mkono Katika Karatasi Moja

Mwanafunzi mmoja wa shule ya sanaa alitujia jioni, na karatasi zake amezibana kwapani. Kwa kazi ya mwisho wa mwaka aliagizwa kuchora kiti cha padre, ambacho seremala wa parokia angekitengeneza. Mwalimu wa ufundi alitaka rula na vipimo. Mwalimu wa sanaa alitaka mkono huru na vivuli. Kijana akajaribu kuwaridhisha wote wawili, na wote wawili wakamrudishia karatasi. «Mwalimu,» akatuuliza, «nimfuate yupi?»

Tulimjibu asimwache hata mmoja. Lakini kosa lake, wasomaji wapenzi, nanyi mngaliliona: alikuwa amechanganya mambo mahali pasipofaa. Miguu ya kiti aliinyosha kwa rula, kisha akaitia vivuli vizito hata vipimo visisomeke. Majani na njiwa wa egemeo aliwachora kwa bikari, wakawa wakavu kama bati. Seremala asingeweza kufanya kazi kwa mchoro ule, wala mtazamaji asingetamani kukikalia kiti kile.

Tukamsimulia habari za Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, ambaye daftari lake la ngozi linatunzwa mjini Paris. Zimesalia karatasi 33. Humo mna msumeno unaoendeshwa na maji, nyuso za watu zilizojengwa juu ya pembetatu, na mnara wa kanisa kuu la Laon. Mnara huo ameuchora mara mbili. Kwanza ameuonyesha kama uliokatwa na kutazamwa kutoka juu, mistari mitupu. Kisha umesimama, na ng'ombe wa mawe wakichungulia kati ya nguzo. Kila mchoro unasema lile ambalo mwenzake hawezi kulisema. (Hata bingwa huteleza: yumo pia simba, ambaye Villard anadai alimchora akiwa hai mbele yake. Uso wake ni duara la bikari, naye anafanana na mzee aliyekasirika.)

Basi kijana akaanza upya. Sehemu ya chini ya karatasi aliichora kiti kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, kwa kalamu ngumu ya 2H, kila sentimeta 10 za kiti zikiwa sentimeta 1 ya karatasi. Kiti cha sentimeta 110 kikawa na kimo cha sentimeta 11. Hapo hakutia kivuli hata kimoja. Sehemu ya juu alikichora kiti hichohicho kimesimama, kikubwa zaidi, nuru ikitoka kushoto. Aliweka kwanza mifupa yake kwa rula, kwa mistari hafifu. Kisha akaiweka rula kando, akashika kalamu laini ya 4B, akaufuata mti kwa mkono. Tulimkataza kuifuta yote ile mistari hafifu. Jicho hupenda kuona kiti kilivyotoka katika vipimo vyake.

Jambo gumu lilikuwa njiwa. Ilimbidi kukaa siku tatu uani kwa jirani afugaye njiwa, akichora mabawa tu.

Mwalimu wa ufundi aliipokea karatasi bila neno. Mwalimu wa sanaa angali analalamikia mdomo wa njiwa mmoja. Seremala naye amebandika mchoro ukutani mwa karakana, na juzi tulimkuta akiranda mguu wa nne.