Mikate ya Idi kwa Mikono ya Watoto



Aghalabu siku za mwisho za Ramadhani huwa ni siku za shughuli nyingi katika nyumba zetu. Baba afikiria Zakatul Fitri na nguo za watoto. Mama afikiria mchele, nyama na viungo. Watoto nao, ambao furaha yao ni kubwa kuliko ya wote, hufukuzwa jikoni tangu asubuhi hata jioni wakiambiwa: "Nendeni mkacheze huko!" Katika miji mingine neno hilo halina madhara. Lakini katika Rwamgasa, Wilaya ya Geita, yatupasa tulifikiri mara mbili, kwani mtoto aliyefukuzwa jikoni hana safari ndefu kabla hajafika kwenye mialo ya kuoshea dhahabu.

Kwa ajili hiyo makala hii yakusudia kuwaita watoto warudi jikoni. Twataka kueleza namna ya kupika pamoja nao piza ndogo ndogo za Idi, zenye sura ya mwezi na nyota, kwa jiko la mkaa na vyombo vya kawaida. Na kabla ya kueleza unga na hamira, hatuna budi kueleza habari za jiko lenyewe, kwa sababu katika nchi ya dhahabu si kila jiko lifaalo kuokea mkate.

Piza ni nini?

Piza ni mkate bapa wa hamira uliotandazwa, ukatiwa juu yake nyanya, jibini, nyama au mboga, kisha ukaokwa. Watu wa mji wa Napoli huko Italia ndio walioupa sifa ulimwenguni, hata mwaka 2017 Shirika la UNESCO likauandika ufundi wa waokaji wao katika orodha ya urithi wa wanadamu. Walakini mkate wa namna hii si mgeni kwa Waislamu. Watu wa Shamu wana mkate wao uitwao lahm bi ajin, yaani nyama kwa kinyunga. Na hapa petu Unguja, apitaye jioni katika bustani ya Forodhani hukuta "piza ya Zanzibar", nayo ni kinyunga chembamba kilichokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kikakaangwa juu ya chuma. Basi asije mtu akasema kwamba twaiga sikukuu za wengine. Chakula huhukumiwa kwa vitu vilivyomo, na sikukuu ni yetu.

Ama sura ya mwezi, inayo mafunzo. Katika Suratul Baqara, aya ya 189, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba miandamo ya mwezi imewekwa iwe vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Sisi hatuuabudu mwezi. Twahesabia siku kwao. Mtoto akiwa anakata mwezi wa unga, ni wakati mzuri wa kumwuliza: Ramadhani huanzaje? Huishaje? Kwa nini jana tulitazama upande wa magharibi baada ya jua kuchwa? Jambo alilolijifunza huku mikono yake ikiwa na unga hatalisahau upesi.

Kwanza jiko na vyombo

Wenyeji wa Rwamgasa wanajua namna dhahabu inavyopatikana. Mawe husagwa kwa karasha, unga wake ukaoshwa kwenye mwalo, na yale mabaki mazito yakatiwa katika beseni na kuchanganywa na zebaki. Zebaki huishika dhahabu, vikawa donge moja. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huwekwa juu ya moto. Zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Wako wanaoifanya kazi hii ya mwisho nyumbani, juu ya jiko lile lile la mkaa linaloivisha uji wa watoto.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo mtu aweza kuuvuta bila kujua. Huingia mapafuni, ukaenda katika damu, na huko hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo. Dalili zake ni kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake ungali unakua. Na aliye tumboni mwa mama yake naye hasalimiki. Mvuke ule ukipoa hutua juu ya kuta, masizi, sufuria na nguo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliichagua Rwamgasa kuwa miongoni mwa mahali pa kuchunguzia habari za zebaki katika uchimbaji mdogo. Dunia nayo ilifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mkataba huo umelitaja hasa jambo la kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu, kuwa ni miongoni mwa mambo yapasayo kukomeshwa. Serikali nayo, kwa njia ya STAMICO, imejenga pale Rwamgasa kituo cha mfano cha kuwafundishia wachimbaji wadogo njia ya kutoa dhahabu bila zebaki.

Huenda mtu akasema: "Beseni langu nimeliosha mara saba, nalo ni twahara." Ndugu yangu, twahara ni jambo moja na sumu ni jambo jingine. Zebaki si najisi kama damu, hata tuseme kwamba maji yakipita juu yake mambo yamekwisha. Chombo chaweza kuwa twahara kwa sala na bado kikawa na sumu kwa mwili. Na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika dini hii hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kinachomdhuru mtoto ni haramu kumlisha, hata kama hakionekani kwa macho.

Basi kabla ya Idi kila nyumba ishike mambo haya manne. Kwanza, jiko, beseni, karai au kikaango kilichokwisha kuguswa na zebaki kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa kikang'aa. Wala kisitolewe kuwa sadaka kwa jirani. Pili, dhahabu isichomwe nyumbani wala uani, na mtoto au mama mwenye mimba asiwe karibu na mahali inapochomwa. Tatu, nguo za kazini zivuliwe nje na zifuliwe mbali na nguo za watoto. Nne, unga usikandwe mahali penye vumbi la marudio, na maji yatoke mahali pa kuaminiwa, yasiwe ya kijito kilicho chini ya mialo. Ikiwa huna hakika na jiko lako, nunua jipya dogo kwa ajili ya Idi. Bei yake ni nafuu kuliko afya ya mtoto mmoja.

Kuukanda unga

Kwa watoto sita au wanane, twaa unga wa ngano vikombe vinne, hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta ya kupikia vijiko vitatu vya chakula, na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni mpaka viwiko, kucha zikiwa zimekatwa. Kisha wote waseme Bismillahi kwa pamoja. Changanya vitu vikavu kwanza, tia mafuta, halafu maji kidogo kidogo. Mpe kila mtoto kinyunga chake akikande kwa muda wa dakika kumi. Mdogo atachoka, mkubwa atamsaidia. Kisha vinyunga vyote viwekwe pamoja katika bakuli, vifunikwe kwa kitambaa safi, viachwe saa nzima mpaka viumuke na kuwa mara mbili ya vilivyokuwa. Subira hii nayo ni somo: waliofunga mwezi mzima wakingoja magharibi watajua kungoja hamira.

Wakati unga unaumuka, pika kitoweo cha juu. Nyanya tano, vitunguu viwili na punje mbili za saumu zikaangwe mpaka maji yakauke na uwe mchuzi mzito, kwani mchuzi wa majimaji huulowesha mkate. Kando yake kaanga robo kilo ya nyama ya kusaga kwa chumvi na bizari mpaka iwe kavu. Asiye na nyama asione haya: sato aliyechemshwa akatolewa miiba, au dagaa waliokaangwa vizuri, wafaa kabisa. Pilipili hoho na karoti zilizokatwa vipande vidogo huleta rangi ipendwayo na watoto. Jibini ikipatikana itakunwa juu. Isipopatikana, yai lililopigwa na kumwagiwa kijiko kimoja juu ya kila piza latosha.

Maumbo ya Idi

Mwezi ni rahisi kuliko yote. Sukuma kinyunga kiwe bapa, unene wake kama nusu ya kidole cha mwisho. Kata duara kwa mdomo wa bakuli. Kisha lisogeze bakuli hilo hilo pembeni ukakate mara ya pili, na kitakachobaki ni hilali. Nyota yahitaji uangalifu kidogo. Chukua duara, mkubwa alipige kisu mahali patano kutoka ukingoni kuelekea katikati, bila kufika katikati penyewe. Ndipo mtoto abane ncha mbili za kila kipande zikutane, na pembe tano zitatokea. Mnara wa msikiti ni pande ndefu lenye kichwa cha mviringo. Na mtoto anayesoma chuoni aweza kuiumba herufi ya kwanza ya jina lake, iwe alif, mim au sini, ili aitambue piza yake itakapopakuliwa.

Hapa pana adabu mbili za kukumbuka. Jina la Mwenyezi Mungu au aya ya Kurani isiandikwe juu ya mkate, maana mkate huungua, huanguka na hutafunwa. Pia, watoto watataka kuumba mbuzi na ngamia, hasa Idi ya kuchinja ikifika. Wanavyuoni wamehitilafiana katika sanamu za kuchezea watoto, na wengi wamezihafifisha. Lakini kwa kuwa maumbo mengine yako tele, sisi twachagua lile lisilo na hitilafu.

Kuoka ni kama kupika mkate wa kumimina. Paka mafuta sufuria pana yenye kifuniko bapa, panga piza zako, tandaza mchuzi wa nyanya, kisha nyama na mboga. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwa muda wa dakika kumi na mbili hata kumi na tano. Kazi ya moto ifanywe na mtu mzima, na ifanyike nje au penye hewa nyingi, kwani moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Baba naye aingie jikoni

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Basi haimpunguzii heshima mchimbaji kuoga, kuvaa nguo safi, na kukaa na wanawe akisukuma unga. Mara ngapi mtoto humwona baba yake ametoka duarani amechoka, akala, akalala? Mtoto asiyeijua furaha ya baba yake huifuata kazi yake, akidhani kuwa huko ndiko mapenzi yake yaliko.

Wala hili si neno la kubuni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitangaza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwamo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeikataza kazi ya machimboni kwa mtoto. Nasi twajua kwamba Idi inapokaribia, mtoto aonaye wenzake wana nguo mpya huvutwa kwenda kutafuta fedha zake mwenyewe. Mzazi amwambie mapema na kwa upole: "Mwanangu, Idi yetu ni ya kadiri yetu. Nguo ya mwaka jana ikifuliwa ni nguo njema, na mwezi wa unga utauokea wewe."

Kugawa na kula

Asubuhi ya Idi ya Fitri tutaanza kwa tende kabla ya kwenda kusali, kama alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w.), naye alikuwa akizila kwa idadi ya witiri. Zakatul Fitri iwe imekwisha kutolewa kabla ya sala. Tukirudi, piza za kwanza zisiwe zetu. Mtoto aliyeziumba azibebe kwenye sinia, azipeleke kwa jirani, awe Mwislamu au Mkristo, na kwa yatima wa mtaa. Rwamgasa ina watu waliotoka pande nyingi za nchi kuifuata dhahabu. Wengine wako mbali na mama zao siku hiyo.

Na mezani tukumbuke habari ya Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), mkono wake ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume hakumfukuza. Alimfundisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho karibu naye. Umar alipokuwa mtu mzima aliisimulia mwenyewe habari hiyo, akasema kwamba tangu siku ile hakuacha kula hivyo.

Enyi vijana wa Rwamgasa, na ninyi wazazi wa kila pahali penye machimbo! Donge la zebaki na dhahabu, na donge la unga na hamira, yote mawili hukandwa kwa mkono. Mikono ya wana wetu ni midogo. Tuipe lile lisilowadhuru. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, atuhifadhie watoto wetu, na atupe riziki ya halali isiyo na madhara. Amin.