Kelele za gari lisilo na paa

Katika barabara za udongo za Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, gari la kifahari lenye paa la kukunjwa ni nadra kuonekana. Wasafiri wasio na paa, hata hivyo, wamejaa tele: wako juu ya magunia nyuma ya pikapu, juu ya shehena ya lori, au nyuma ya dereva wa pikipiki. Kero yao ni ileile ya tajiri wa Ulaya anayejivinjari paa likiwa wazi: barabara inanguruma, upepo unavuma. Kinachowatenganisha ni mwendo, na mwendo ndio unaoonyesha dawa iko wapi.

Gari likienda kilomita 30 kwa saa, upepo bado mpole. Mwenye kelele ni barabara. Kiangazi, magurudumu huchimba matuta madogo yaliyopangana kama mikunjo ya bati, na kila mkunjo hutikisa springi na bodi. Boliti iliyolegea hugonga, kokoto hupiga madigadi, ekzosi iliyotoboka hunguruma. Hapo dawa ni spana: kukaza boliti, kubadili bushi za mpira zilizochakaa, kuziba ekzosi.

Gari likiingia kwenye lami na kukimbia, mambo hugeuka. Mwendo ukiongezeka maradufu, kelele ya upepo inaweza kupanda kwa desibeli 15 au zaidi, na kila desibeli 10 sikio huzihisi kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi. Ndiyo sababu kupunguza mwendo kidogo tu huleta nafuu kubwa.

Katika gari la paa la kukunjwa, hewa hupanda kioo cha mbele, hujitenga na ukingo wake wa juu, kisha huvurugika. Sehemu yake hurudi kutoka nyuma ya viti na kuwapiga abiria visogoni. Kwa hiyo watengenezaji huweka wavu nyuma ya viti kuuzuia upepo huo unaorudi. Mwaka 2010 Mercedes-Benz iliongeza kwenye E-Class ya wazi kitu kingine: ubao mwembamba unaoinuka juu ya kioo cha mbele na kuurusha upepo juu ya vichwa vya abiria. Kuna hatua isiyo na gharama: kupandisha vioo vya milango. Watafiti wa Marekani waliopima magari ya aina hiyo, paa likiwa wazi kwenye mwendo wa barabara kuu, walikuta kelele ikipita desibeli 85 katika baadhi yake. Vioo vilipopandishwa, ilishuka.

Desibeli 85 si namba ya kubahatisha. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaiweka kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku. Zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91.

Anayeendesha Land Cruiser la zamani lenye bodi iliyofungwa anaweza kupima milango yake kwa karatasi. Mlango ufungwe juu ya karatasi, kisha ivutwe: ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea. Vumbi pia ni shahidi. Mstari mwekundu uliojichora ndani ya fremu ya mlango unaonyesha pale hewa inapopita, na hewa ikipita, sauti hupita.

Mwendesha pikipiki hana mlango wa kurekebisha. Kofia ngumu humlinda kichwa, lakini upepo huingia chini ya kidevu na kuvuma ndani yake, hasa kofia ikiwa pana kuliko kichwa. Kofia inayobana vizuri na kitambaa shingoni hupunguza mvumo huo. Kwa safari ndefu ya kasi, vizibo vya masikio vya sponji ndivyo vinavyofaa, kwa kuwa pamba haizuii kelele ya kutosha. Kizibo husokotwa kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha kizibo huingizwa na kushikiliwa mpaka kifutuke.

Asiye na kipimo cha desibeli anaweza kumsemesha jirani aliye umbali wa urefu wa mkono. Ikibidi apaze sauti ndipo asikike, kelele imefika karibu na kikomo hicho cha 85.